Namba za Karak

Karak, 11 Januari 1994

Kaka Nayef,

Huku sote wazima, ukiondoa baridi, na mwaka huu baridi haiondoki. Baba anakohoa usiku kucha, asubuhi anasema aliyekohoa ni jirani. Anakusalimu. Jana alikuwa akiwasimulia wageni tena habari za maabara yako ya Sohar, na feni zake za darini, na meza za marumaru. Sijui hiyo marumaru ameitoa wapi. Labda ulimwambia wewe, labda ameitia mwenyewe kwa mapenzi.

Nina shida, na kwa jinsi nilivyochoka nitaisema bila kuzunguka. Wiki iliyopita wasichana wangu wa mwaka wa pili, tawi la sayansi, walipima diodi. Unaijua hali yetu: meza sita, mita za kuomba Mungu, na soba moja ya mafuta ya taa katikati ya chumba inayonusisha moshi kuliko inavyotoa joto. Karibu na ukuta maji yanakaribia kuganda. Kwa hiyo tunafuata ile zamu ya soba uliyoianzisha wewe shule ya wavulana: kila meza inakwenda kuota moto kidogo, kisha inapisha nyingine.

Meza tano zimeleta grafu nzuri kabisa. Wameongeza volti kidogokidogo, mwanzoni hakuna kitu, kisha karibu na sifuri nukta sita mkondo unaanza kupanda taratibu kama inavyotakiwa. Meza ya sita ni ya Taghrid, binti wa yule dereva wa lori la nyanya, Abu Muadhi. Yake ni kichekesho. Kwenye sifuri nukta sita kaandika milliampea mbili, sawa. Akiongeza sehemu mbili za mia za volti, milliampea kumi na moja. Akiongeza tena, tano! Volti inapanda, mkondo unashuka. Diodi gani hiyo?

Nilimwambia, "Binti, hizi namba umeziota?" Akanijibu mbele ya darasa zima, "Mwalimu, nimeandika kile mshale ulichosema." Nikampa sifuri. Nilikuwa na baridi, nilikuwa na njaa, na alinijibu kwa kichwa juu.

Sasa sifuri hiyo imefika kwa mkuu wetu, Sitti Wajiha, naye anasema kubuni matokeo ni udanganyifu, na mdanganyifu hakai tawi la sayansi. Baba yake naye amekuja shuleni na kusema akitolewa sayansi hana haja ya kuendelea kusoma, yuko binamu huko Mafraq anamsubiri. Nimeshtuka. Sikutoa sifuri nikikusudia kumwoza mtu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Unazo diodi kama zangu, tulinunua pakiti moja Amman tukagawana. Pima moja katika maabara yako, uniletee namba. Kama zikifanana na za meza tano, nitajua sikumwonea. Kama hazikufanana, nitajua pia.

Dada yako,
Ibtihal


Sohar, 25 Januari 1994

Mdogo wangu, profesa wa moshi,

Barua yako imenifikia ikiwa bado na harufu ya soba, nikaona wivu kidogo. Huku Januari tunavaa shati la mikono mifupi. Maabara ina nyuzi ishirini na nane, feni zinazunguka, vijana wanasinzia. Marumaru haipo. Mwache Baba na marumaru yake.

Nimekupimia. Sifuri nukta sita, milliampea mbili. Sifuri nukta sita mbili, tatu. Sifuri nukta sita nne, tano. Na kuendelea, zimo katika karatasi ya pili. Unaona mwenyewe zilivyonyooka. Diodi haina ukorofi wa kupanda na kushuka, ukorofi ni wa watoto.

Usijitese. Watoto wanabuni, sisi pia tulibuni. Mpe adhabu ndogo, yaishe. Nimechoka, Ibtihal, siku zangu hapa ndefu, na mtu akishachoka huona kila jambo ni kubwa.

Sanduku la posta nimebadilisha, tumia hilo la nyuma ya bahasha.

Kaka yako,
Nayef


Karak, 8 Februari 1994

Kaka Nayef,

Namba zako zilifika Alhamisi, kamati ikakaa Jumapili. Sitti Wajiha alizisoma kwa sauti mbili: yake ya kawaida kwa namba za meza tano, na ya mahakamani kwa namba zako. "Mwalimu Nayef, mtu wa Karak, anayefundisha nchi za watu," alisema, "amepima kwa mkono wake, na ameona kile walichoona wasichana wa meza tano. Je, ni sisi sote tumekosea, au ni huyu?"

Wajumbe wakaanza kukunja karatasi zao. Nami sikumtetea. Nilijiambia, ndicho nilichotaka kujua, sasa nimejua.

Taghrid ametolewa sayansi. Baba yake alisimama akasema, "Kama ni mwongo, akawe mwongo kwa mumewe." Wale jamaa wa Mafraq watakuja rasmi baada ya Idi. Kamati itakaa tena baada ya Idi vilevile kufunga faili, basi imekwisha.

Jana alinirudishia koti la maabara. Alikuwa amelifua na kulipiga pasi, mpaka kile kifungo kilichokatika mwaka jana amekishona. Alilitundika mlangoni akaondoka. Nilitamani anitukane.

Baba ameshatangaza mtaa mzima kwamba kamati ilimsikiliza mwanawe. Nikamwacha.

Kitu kidogo: karatasi yako ya pili inanuka mpira. Mpira kabisa, kama ndani ya gari jipya. Mnafundishia wapi siku hizi, stoo?

Ibtihal


Sohar, 20 Februari 1994

Ibtihal,

Ramadhani karimu. Nakuandikia baada ya futari, macho yanajifumba.

Habari ya msichana imenigusa, lakini wewe ulifuata utaratibu. Kamati ndiyo iliyoamua, si wewe, wala si mimi. Mafraq si mwisho wa dunia. Huenda akasoma akiwa huko.

Mpira ni stoo ya michezo, iko jirani na maabara. Mipira, magodoro ya mazoezi, vitu hivyo.

Mwambie Baba anywe asali na aache kunisifia. Mtu akisifiwa sana hukosa pa kukaa.

Nayef


Karak, 2 Machi 1994

Nayef,

Leo sikuiti kaka mwanzoni. Tutaona mwishoni.

Theluji imeanguka, shule imefungwa tangu jana, na mimi nina funguo za maabara. Nimekwenda peke yangu. Sikuwa na sababu, ila lile koti lilikuwa bado linaning'inia mlangoni na kila nikipita linanitazama. Nikaamua kupima diodi ya Taghrid mimi mwenyewe, kwenye meza yake, karibu na ukuta. Sifuri nukta sita, milliampea mbili. Vizuri. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya glavu, nikazivua, nikakishika kile kidude nikitafuta waya wake, na nikauona mshale unapanda. Nikakiachia, ukashuka. Nikakishika tena, ukapanda. Nilikuwa sijabadilisha volti hata kidogo.

Nikawasha soba. Nikabeba ubao mzima, betri na mita na kila kitu, nikauweka miguuni pa soba. Nikakaa mpaka joto limeingia. Sifuri nukta sita mbili, milliampea kumi na moja.

Kumi na moja, Nayef! Namba yake hasa. Nikarudi ukutani, nikangoja kikapoa, sifuri nukta sita nne, tano. Nilikaa kwenye kigoda nikalia kama mjinga, na glavu zangu zimelowa.

Nimekwenda moja kwa moja kwao. Mama yake amenifungulia, Taghrid akasimama nyuma yake. Nikamuuliza, ilipofika zamu yenu ya soba mlifanya nini? Akasema, "Wenzangu walikwenda kuota. Mimi nilikuwa sijamaliza, nikaenda na ubao wangu. Zamu ilipoisha nikarudi nao." Hivyo tu. Hakunilaumu. Nikawauliza na wale wa meza ya kwanza, wakaangua kilio: ni wao tu waliopima, meza nyingine nne ziliiga kwao kwa sababu hakuna aliyetaka kutoa mikono kwenye mifuko. Darasa zima, ukiondoa meza ya kwanza, aliyefanya kazi ni yule niliyempa sifuri.

Diodi ikipata joto inafunguka mapema. Imo vitabuni, niliijibu kwenye mtihani chuoni, na sikuikumbuka. Hilo ni langu, nitalibeba.

Lakini hili si langu. Umeandika kwa mkono wako: nyuzi ishirini na nane, feni zinazunguka. Katika joto hilo sifuri nukta sita haiwezi kutoa milliampea mbili. Ingetoa karibu tano. Namba ulizonipa ni za ukutani kwetu, za Januari, za mtu aliyevaa glavu. Ni namba za Karak, Nayef. Ni zile ulizokuwa ukiwaandikia wavulana ubaoni kila mwaka, umezitoa kichwani. Hukupima.

Sijui kwa nini. Nimejiuliza kama ulikuwa mvivu, lakini wewe hujawahi kuwa mvivu. Nimeufikiria ule mpira, nikaacha kufikiria.

Nilikwenda kwa Sitti Wajiha na kumweleza habari ya soba. Alinisikiliza, akasema, "Ikiwa joto linabadilisha, mbona kaka yako yuko kwenye joto na namba zake ni sawa na zetu? Unataka niandike kwamba Mwalimu Nayef ni mwongo?" Baba alikuwa pale mlangoni, amekuja kunichukua na mwavuli. Nikachukua mwavuli, tukaondoka. Nimemnyamazia Taghrid mara ya pili, na safari hii kwa ajili yako.

Ndani ya bahasha hii, kwenye pamba, imo diodi yenyewe ya Taghrid. Ipime. Popote ulipo, kwa chochote ulichonacho. Idi haiko mbali na wale watu wa Mafraq wameshanunua peremende.

Kaka, tafadhali.

Ibtihal


Sohar, 12 Machi 1994

Dada yangu,

Nimepima.

Mita moja nimeazima kwa fundi umeme wa magari, Mhindi mmoja mcheshi aliyetaka kujua kama natengeneza bomu. Ya pili mshale wake umekwama, inabidi uigonge mgongoni kila mara. Betri ya tochi. Nilirudia kila namba mara tatu. Sifuri nukta sita, milliampea sita na kidogo. Sifuri nukta sita mbili, kumi. Sifuri nukta sita nne, kumi na sita. Zilizobaki ziko nyuma ya karatasi hii. Hazikunyooka sana. Utaniwia radhi, ndivyo zilivyotoka.

Nilipouona mshale ule unapanda nilisahau nilipo. Muda mrefu sijashika mita.

Barua nyingine iliyomo ni ya Sitti Wajiha. Nimemwandikia kwamba zile namba za Januari hazikupimwa na mtu yeyote, nimezibuni mimi, na aliyetolewa darasani kwa kubuni ametolewa kwa kosa langu. Mpe. Isome mbele ya kamati. Ukiogopa, mpe mwenzako aisome.

Nisamehe kwa ile barua ya "Mafraq si mwisho wa dunia". Niliiandika upesi ili nisiifikirie.

Ila, Ibtihal, usiniulize nimepimia wapi. Kwa Baba feni zinazunguka. Niachie hilo moja.

Nayef


Karak, 4 Aprili 1994

Kwa Mwalimu Nayef,

Mimi ni Taghrid wa meza ya sita. Samahani kwa kukuandikia ilhali hunijui.

Nimerudi darasani. Mwalimu Ibtihal alisoma barua yako mbele ya kamati. Katikati alikwama, mwalimu wa Kemia akataka kumpokea karatasi, akakataa, akamaliza mwenyewe. Sitti Wajiha alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana, kisha akasema, "Mtoto arudi." Hakusema samahani. Mwalimu Ibtihal ndiye aliyesema, tena mbele ya darasa, na wale wa meza tano wakatazama chini. Koti langu lilikuwa bado mlangoni.

Wale jamaa wa Mafraq walikuja wiki mbili baada ya Idi. Unajua desturi, waliweka vikombe vya kahawa chini wasinywe mpaka wapewe jibu. Baba aliwaacha mpaka kahawa ikaanza kupoa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Halafu akasema, "Kunyweni, karibuni sana, lakini hii ni kahawa ya wageni. Binti yangu ana mtihani." Mama anasema Baba alikuwa hajala tangu asubuhi, aliposomewa barua yako kwenye kamati. Mimi hajaniambia kitu, ila amenitengenezea meza ya kusomea kwa mbao za makasha ya nyanya. Inanuka nyanya, sijali.

Sasa nakuandikia kwa ajili ya kazi. Mwezi ujao shule inafungua milango kwa wazazi, na ripoti yangu itabandikwa ukutani. Nimechora mistari mitatu kwenye karatasi moja: wa ukutani, wa kwenye soba, na wa kwako. Wa kwako umekaa karibu kabisa na wa soba, kwa hiyo nakisia ulikuwa kwenye nyuzi thelathini na kitu. Lakini kukisia hakufai, nimeshaambiwa hivyo. Hukuandika joto la chumba. Na hukuandika mahali pa kipimo wala cheo cha mpimaji. Mistari yangu miwili inayo yote hayo. Wa kwako nimeuacha wazi, na Mwalimu Ibtihal ametufundisha kwamba kipimo kisicho na mahali si kipimo.

Nilipomwonyesha barua hii aliisoma mara mbili. Akasema nifute hilo swali la mahali. Nikachukua kifutio. Akasema, "Acha. Mtumie hivyo hivyo."

Baba yenu, Abu Nayef, hupita shuleni siku hizi. Amesema siku ya wazazi atakuja kusimama mbele ya mstari wako asome kila kitu mwenyewe. Ameshanunua viatu.

Mwanafunzi,
Taghrid


Sohar, 23 Aprili 1994

Binti yangu Taghrid,

Una haki. Nilipokuwa nafundisha ningemkata alama mwanafunzi yeyote aliyeniletea ripoti kama yangu. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi kuliko ilivyostahili, nikaandika majibu mawili na kuyachana, moja lilikuwa na feni.

Nakurudishia diodi yako kwenye pamba ile ile. Ni nzima, ni mwaminifu, haina kosa lolote. Ukifika chuo kikuu, nenda nayo.

Yale uliyoyaacha wazi, jaza hivi, kwa wino, usipunguze neno:

Joto la chumba: nyuzi 34.

Mahali: chumba cha nyuma, duka la matairi la Bin Saqr, barabara ya bandarini, Sohar.

Mpimaji: Nayef Atallah, mziba pancha tangu Septemba, zamani mwalimu. Shule ilipunguza watu, nami nilikuwa mmoja wao, na sikujua namna ya kurudi nyumbani.

Na siku hiyo ya wazazi, simama karibu na mzee. Maandishi yako ni madogo, na miwani yake huisahau nyumbani. Ikibidi, msomee wewe.

Nayef